Mwaka wa Jiko la Buluu

Nina malori saba, na ukipita Bladensburg asubuhi utayaona yamepangwa ukutani kama askari wa gwaride, yote ya buluu, yote yameoshwa. Niliishia darasa la saba na sioni haya kulisema, maana wapo wenye digrii zao waliokuja ofisini kwangu kuomba kazi ya kubeba makochi. Nimehamisha wanasheria. Nimemhamisha balozi mmoja na piano yake, ghorofa tatu kwenda juu, na haikupata hata mkwaruzo. Kila anayeniuliza nilianzaje humjibu vilevile: nilianza na gari moja bovu na mgongo wangu, hakuna aliyenishika mkono. Binti yangu Rehema ameyaandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kampuni mtandaoni, na juu yake ameweka picha yangu nimekunja mikono kifuani. Nimeyasema mara nyingi mpaka yamekuwa laini mdomoni. Sasa sijui niyafanyeje.

Mwezi uliopita Neil alinipigia simu. Huyu Neil alikuwa mwimbaji wa bendi ya muziki wa panki, na mimi niliishi naye nyumba moja kule Hyattsville kwa mwaka mmoja, mwaka wangu wa kwanza Marekani. Aliniambia Marian amefariki, kwamba aliugua kwa miezi, na kwamba nyumba inatakiwa iwe tupu kabla ya wiki kwisha. Marian ndiye aliyekuwa mwenye nyumba ile na mwenye lebo ya muziki, kampuni ndogo ya kutoa santuri, iliyokuwa ndani yake. Neil akasema Marian ameacha karatasi ya maagizo, fupi, na mstari mmoja unasema vitu vyote vibebwe na Saidi, ndiyo mimi. Haukusema kampuni, haukusema malori. Saidi. Nilikuwa kwenye Route 1 nikielekea Riverdale Park kumpa mteja makadirio. Nikaingia kituo cha mafuta, nikazima gari, nikakaa. Ofisi yangu iko dakika kumi kutoka nyumba ile, na kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nazunguka barabara nyingine ili nisipite mbele yake. Madereva wangu wakiniuliza, nilisema pale kuna foleni.

Niseme kwanza nyumba ile ilikuwa nini, maana hata mimi niliishi humo karibu miezi mitatu bila kujua. Chumba nilitafutiwa na Mama Ciku, mama wa Kikenya aliyekuwa akimtunza bibi yake Marian, kizee aliyelala chumba cha mbele na kuvua vifaa vyake vya masikioni kila bendi ilipoanza mazoezi. Mama Ciku alikuwa mtu wa kwanza hapa kunisikia nikitoa salamu. Nilimwamkia shikamoo, akacheka mpaka akashika mlango. "Hiyo shikamoo yako peleka Tanga," akasema. "Hapa sema hai, uulize takataka inatolewa siku gani." Akanionyesha chumba cha chini, dirisha moja usawa wa nyasi, na kunieleza masharti kama anavyoyaelewa yeye: hawa watu hawali nyama, hawanywi pombe, hawavuti sigara, na wanapiga kelele huko chini Jumanne na Alhamisi. Nikamwuliza ni dhehebu gani. Akasema naye amejiuliza, amefikiri ni watu wa maombi, lakini hajawahi kuona Biblia.

Mimi nikakubali kwamba ni dhehebu, na zile kelele nyuma ya ukuta wangu nikazihesabu maombi. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Vijana wamenyoa vichwa, wengine nywele zimesimama kama miiba ya nungunungu, viatu vya kijeshi, na hakuna mtu analewa. Barua zinaletwa mlangoni kwa furushi, zina stempu za Japani, za Brazili, za nchi ambazo sikujua zina posta. Marian anakaa kwenye meza ya chumba cha kulia, bibi yake anakoroma chumba cha mbele, na anajibu kila barua kwa mkono wake, moja moja. Asubuhi anaendesha basi la shule, lile la njano, anarudi saa nne. Saa nane mchana anaondoka tena kurudisha watoto, anaingia nyumbani kama saa kumi na moja. Katikati ya safari hizo mbili ndipo ilipokuwa kampuni. Waliiita Blue Stove, kwa sababu ya jiko la gesi la buluu lililokuwa jikoni, la zamani, lenye miguu kama ya kiti, ambalo mlango wake ulifungwa kwa kuuegemeza fimbo ya ufagio. Mimi nilikuwa natoka kazini ghalani saa saba, nimeshusha makabati tangu alfajiri, naingia kwa mlango wa jikoni nanuka jasho na maboksi, na wao wananisogezea kiti bila kuniuliza kitu. Hilo nalo lilinichanganya. Kwetu mpangaji hali na mwenye nyumba mpaka aitwe. Hapa hakuna aliyeita, lakini sahani yangu ilikuwepo.

Siku ya kwanza nilipojua kuwa ni muziki ilikuwa Jumamosi mchana, waliponiomba nisaidie kubeba spika hadi ukumbi wa chini wa kanisa moja. Kubeba ndiyo kazi yangu, nikabeba. Nikafikiri sasa nitaona ibada yao. Wakaingia watoto wa miaka kumi na miwili na wazazi wao, wakaingia vijana, Marian amesimama mlangoni anawagonga muhuri mkononi. Halafu Neil na wenzake watatu wakaanza. Sijui nieleze vipi. Ni kama mtu anamwaga mabati kutoka juu ya ghorofa na mwingine anamkemea. Ukumbi mzima ukaruka. Nilijibana ukutani nikitafuta mlango, nina uhakika polisi wanakuja. Nikaona mtoto mmoja ameanguka katikati ya miguu, nikasema leo amekufa mtu. Na mikono sita ikashuka pamoja ikamwinua, akaendelea kuruka. Wimbo ukaisha kabla sijamaliza kuogopa. Baadaye, tukiwa tunapakia spika, nilimwuliza Neil alikuwa anaimba nini. Akasema ni habari za baba yake. Sikuuliza tena.

Kilichonifanya mtu wa nyumba ile hakikuwa muziki. Kilikuwa majalada. Santuri zilikuja kutoka kiwandani tupu, zimevaa karatasi nyeupe tu, na majalada yalikuja bapa, makaratasi magumu yaliyochapwa, na kila moja lilikunjwa mezani pale kwa mkono. Unakata pembe. Unapitisha mgongo wa kisu cha siagi juu ya mstari ili karatasi ikunjike bila kuvunjika rangi. Unakunja, unapaka gundi kwenye masikio mawili, yale mapindo ya pembeni, siyo nyingi, unabana, unaweka chini ya vitabu vya simu. Mimi ndiye niliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote. Nasema bila kujisifu, au tuseme najisifu kidogo: walikuwa wakiharibu moja katika kila kumi, mimi sikuharibu. Marian alikuwa akinyanyua jalada langu anaangalia ukingo wake kwenye mwanga wa dirisha, halafu analiweka juu ya rundo bila neno. Nimesifiwa na watu wakubwa tangu wakati huo. Nakumbuka zaidi namna alivyoliweka.

Na hapo hapo ndipo nilipojifunza sheria yao, ambayo mpaka leo siielewi. Hakukuwa na mikataba. Bendi na lebo walikubaliana kwa mdomo, mezani. Na kila jambo kubwa lilipigiwa kura, na wenye kura ni wote ambao wamekunja majalada. Siku Marian aliponiambia kwamba na mimi nina kura, kwa kile Kiingereza chao cha polepole walichoniwekea mimi, nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia mimi ni mpangaji. Akanishika mkono, akaugeuza, akanionyesha gundi iliyokauka kwenye vidole vyangu. "Wewe ni wa meza hii," akasema. Mimi ambaye nimeanzisha kampuni na nimeiendesha nikiwa peke yangu kwenye usukani, nakuambieni hiyo siyo njia ya kuendesha kampuni. Na bado kila nikitia sahihi kitu ofisini kwangu, naangalia vidole.

Mwaka ule bendi ya Neil ilianza kuwa kubwa. Barua zikaongezeka, simu ikawa haishi kulia, na kampuni kubwa za muziki zikaanza kuulizia. Marian alikuwa akiwajibu wote kwa barua ya mistari miwili: asante, tuko sawa. Walikuwa wamerekodi santuri mpya, bado haijatoka. Majalada yake yalikuwa yamekwisha chapwa, maboksi yamejaa korido. Nyimbo zenyewe zilikuwa kwenye kaseti nne tu, ndani ya boksi la viatu juu ya rafu ya jiko la buluu. Hakuna aliyenikataza kuzigusa. Nilikuwa nazisikiliza nikikunja, na nakiri kwamba kufikia wakati ule nilikuwa nimeanza kuupenda ule muziki wa mabati, au nilikuwa nimeanza kuwapenda wao na muziki ukapita humohumo.

Basi mchana mmoja, kama saa tisa, Marian yuko kwenye basi, Neil yuko kazini kwenye duka la rangi, Mama Ciku anamwogesha bibi, mlango ukagongwa. Akaingia bwana mmoja, koti zuri, viatu vya ngozi laini ambavyo havijawahi kukanyaga tope, akasema ametoka California na anamtafuta Marian. Nikamwambia hayupo. Akasema atarudi. Sasa nisikilizeni. Mtu ametoka California, kavuka nchi nzima, kagonga mlango saa ya chakula, mimi nina sufuria ya pilau ya nyama chini, kisha nimwache arudi? Siwezi. Mama yangu angesikia angenikana. Nikamkaribisha. Tatizo likawa nyama. Makubaliano yalikuwa nyama ipikwe na kuliwa chini kwangu, kwenye jiko langu dogo la umeme. Lakini mgeni hakalishwi chini kwenye kitanda cha mpangaji huku meza nzuri iko juu. Nikapandisha sufuria. Nikampakulia kwenye sahani zao, nikajipakulia nami, tukala kwenye meza ya Blue Stove, mifupa pembeni. Alikula kama aliyefungua saumu. Akaniuliza mimi ni nani hapa, nikamwambia mimi ni wa meza hii.

Baada ya kula nikamwekea kanda asikilize, ndiyo heshima niliyokuwa nayo. Wimbo wa tatu una mahali ambapo kila kitu kinanyamaza, unadhani umekwisha, halafu ngoma zinarudi. Yule bwana aligonga meza kwa kidole sekunde ileile, kabla ngoma hazijalia. Nikasema moyoni, hawa watu wanaujua muziki kweli. Alipoinuka kuondoka nikatazama huku na huku nimpe nini, maana hata kwetu, tusio na kitu, mgeni anafungiwa japo machungwa mawili. Nikachukua kaseti moja katika zile nne, nikaifunga kwenye karatasi ya jikoni, nikampa. Alitabasamu, akaitia mfukoni bila kuiangalia. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari lake. Nilirudi ndani nikijiona mtu mkubwa.

Mama Ciku alitoka chumba cha bibi, taulo begani, akaniuliza nimekuwa na nani. Nikamweleza yote, bado nafurahi. Akakaa kwenye kiti.

"Wewe Saidi. Huyo ndiye yule wa kampuni kubwa wanamkataaga kwa barua."

Nikasema alikuwa mtu mzuri.

"Umempatia nyama, umempatia kanda. Si ungempatia na funguo ya nyumba, akuje alale?" Halafu akaona uso wangu, akashusha sauti. "Sikiza, kijana. Nyamaza. Watu wa huku wakikuuliza kitu mara moja, hawarudii. Funga mdomo na itapita."

Nikaosha sahani mbili, nikaziegemeza kwenye kikaushio. Nikafungua madirisha yote. Marian aliingia saa kumi na moja, akasimama mlangoni pa jikoni na jaketi lake, pua imeinuka kidogo. Akaangalia sahani mbili. Akaangalia rafu, boksi la viatu. Halafu akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa, kama nilikuwa na mgeni. Nikasema ndiyo, rafiki yangu kutoka kazini. Akasema vizuri. Akavua jaketi, akaweka maji ya chai. Kanda zilikuwa tatu na yeye alikuwa na macho. Hakuniuliza tena, si siku ile wala siku nyingine, na Mama Ciku alikuwa sahihi, hawarudii, lakini haikupita. Kumpa mtu kanda naweza kujitetea mbele ya yeyote. Ule uongo wa neno moja, rafiki, ndio nilioukalia kila siku mezani, nikikata mkate.

Kabla mwezi haujaisha barua ikaja kwa bendi, siyo kwa lebo. Kampuni ya yule bwana inawataka, na santuri mpya itoke kwao. Tulikaa mezani Jumamosi mchana: Marian, Neil, wenzake watatu, na mimi. Mkate wa Marian ulikuwa ndani ya jiko na fimbo ya ufagio imeegemezwa. Neil alisema kwa muda mrefu, akasema watu wengi zaidi wasikie, akasema amechoka kulala sakafuni kwenye nyumba za watu kila wakisafiri. Marian alisema kidogo. Alisema wimbo ukishakwenda kule hauulizwi tena unakwenda wapi. Yeye na Neil walisoma pamoja tangu wako darasa la kwanza. Walikuwa wakizungumza bila kutazamana, kama watu wanaofua nguo upande huu na upande ule wa beseni. Mikono ikainuliwa. Wanne walitaka kwenda, mmoja hakutaka. Kura yangu haikuhitajika tena. Lakini Marian akanigeukia, akasema, "Na wewe, Saidi?"

Nimeufikiria wakati ule mara nyingi. Ningesema wasiende, ningekuwa mnafiki, mimi niliyewafungulia mlango. Na zaidi ya hapo, niliamini kweli wanapaswa kwenda. Mimi nilikuwa nimeacha kila kitu na kuvuka bahari kwa sababu ya kitu kidogo kuliko kile, sasa mtu anaitwa na kitu kikubwa anakataaje? Nikasema, "Waende." Marian akatikisa kichwa polepole, siyo kwa hasira. Akainuka, akaondoa fimbo, akatoa mkate. Ulikuwa umeungua upande mmoja. Tuliula hivyohivyo, bibi chumba cha mbele akiuliza kwa sauti kubwa ni nani amekufa.

Walikwenda. Santuri ilitoka kwa yule bwana ikiwa na jalada lingine, lenye picha ya sura zao, na ngoma zimelainishwa. Nilisikia wimbo wa tatu kwenye redio ya ghalani nikashindwa kuutambua mpaka katikati. Baada ya hapo kampuni kubwa ikawachoka, bendi ikavunjika, na Neil na Marian hawakuzungumza kwa miaka mingi. Maboksi ya majalada yaliyochapwa yalibaki korido. Nyumba ikawa kimya Jumanne, kimya Alhamisi. Mimi nilijua ni nani aliyeifanya iwe kimya.

Na sasa nifike pale ambapo sikupafikia kamwe mbele ya watu. Bendi ilikuwa na gari, van ya kahawia, mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba, waliyosafiria kwenda kupiga muziki. Baada ya wao kuondoka ilikaa uani, majani yakaota kwenye magurudumu. Asubuhi moja ya machipuko nilikuta funguo kando ya sahani yangu. Marian alikuwa anavaa viatu vya kwenda kwenye basi. Akasema hakuna anayelitumia, na mimi nina mgongo mzuri na nimeshazijua njia. Nikamwuliza analiuza vipi. Akaniangalia kama nimesema kitu cha aibu, akatoka. Kwa van ile nilihamisha kitanda changu cha kwanza cha mteja, kutoka Riverdale Park kwenda Bladensburg, rafiki wa Mama Ciku. Kabla ya majira ya baridi nilikuwa na wateja, chumba changu mwenyewe, na jina langu limeandikwa ubavuni mwa gari. Nililipaka rangi ya buluu. Nikahama nyumba ile bila kuaga vizuri, nikaanza kusema kwamba hakuna aliyenishika mkono. Ilikuwa rahisi kuliko kusema nimepewa gari na mtu niliyemvunjia nyumba.

Wiki ile ya kuhamisha nilikwenda mwenyewe, na lori moja na vijana wawili. Vijana niliwaanzisha juu. Neil alikuwa chumba cha kulia, nywele nyeupe, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Siku hizi anafundisha watoto useremala. Alikuwa amerudi kwa Marian alipoanza kuugua, akamtunza mpaka mwisho. Meza ileile. Jiko lilelile, fimbo mpya. Juu ya meza alikuwa amefungua boksi moja la majalada yale, ya santuri ambayo haikutoka, bado bapa, rangi yake haijafifia maana haijawahi kuona jua. Akaniambia hajui ayafanye nini. Nikaketi. Kisu cha siagi kilikuwa hapo. Nikachukua moja nikakunja, na mkono wangu, ambao siku hizi unatia sahihi tu na kushika simu, ulijua kila kitu.

Nilikunja matano hivi kabla sijasema. Sikujiandaa. Nikamwambia, "Neil, ni mimi niliyempa yule bwana kanda. Nilimpikia, nikampa na kanda. Nikadanganya."

Hakuinua macho. "Najua," akasema. "Sote tulijua. Marian alituambia wiki ileile. Nyumba nzima ilinuka nyama, Saidi."

Nikauliza kwa nini basi hakuna aliyeniambia kitu, mwaka mzima. Akasema Marian aliwakataza. Akasema Marian alisema hivi: amempa mgeni kitu kizuri kuliko vyote vilivyokuwa ndani ya nyumba, na kwao hilo siyo kosa, anaona aibu, mkimgusa ataondoka, na hana pa kwenda.

Juu vijana wangu walikuwa wanaburuta kitu, nikataka kupiga kelele wasiburute, wanyanyue, nikashindwa. Nikawa nashukuru na kuumia kwa pamoja. Lakini Neil alikuwa bado anageuzageuza jalada moja mikononi, halikunji.

"Kuna jingine," akasema. "Yule bwana alikuja kwa sababu tayari alikuwa na kanda. Nilimtumia mimi. Nilinakili moja nikaiweka posta, wiki mbili kabla. Pilau yako haikubadilisha kitu."

Nikakiona kile kidole kikigonga meza kabla ya ngoma.

"Na Marian?"

"Nilimwacha aamini ni wewe. Ilikuwa rahisi. Wewe alikuwa amekusamehe tayari." Akavua miwani. "Miezi yote ile nilikuwa namlisha supu kwa kijiko, kila siku nasema leo nitamwambia. Sikumwambia."

Mimi ni mtu mkubwa wa mwili. Ningeweza kumnyanyua Neil na kiti chake nikamweka ndani ya lori. Nilisubiri hasira ije, ikaja nusu, ikasimama, kwa sababu nilikuwa najaribu kuhesabu na hesabu haikukaa. Nilitoa kanda, kweli. Nilidanganya, kweli. Lakini sikuvunja kitu. Basi Marian alinisamehe kitu gani? Na zile funguo kando ya sahani, alimpa nani? Alimpa mtu aliyeivunja lebo yake, akijua, na mtu huyo hakuwepo. Mimi ndiye niliyezichukua. Kama angejua ni Neil, ningepewa gari? Huenda gari lingebaki uani linaota majani, na mimi leo ningekuwa bado nashusha makabati ghalani. Au angenipa vilevile, kwa sababu ya gundi kwenye vidole. Aliyekuwa anajua ni yeye, na kitanda chake kilikuwa kinateremshwa ngazi na vijana wangu. Nikamwuliza Neil. Akasema naye amejiuliza.

Tukakunja mpaka boksi likaisha. Yeye aliharibu kama kawaida yake, mimi sikuharibu. Kisha tulibeba lile jiko sisi wawili, hatukumruhusu mwingine, na lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka. Liko ghalani kwangu Bladensburg sasa, limefunikwa blanketi. Karatasi ya maagizo haikusema lipelekwe wapi.

Jioni ile niliingia ofisini nikamwambia Rehema afute ile sentensi chini ya picha yangu. Yeye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na akaniuliza kwa Kiingereza aandike nini badala yake: ni nani aliyenishika mkono? Nikafungua mdomo. Nikataka kutaja jina moja, nikaona linahitaji jina la pili ili liwe kweli, na la pili linaharibu la kwanza. Nikamwambia aache wazi kwanza, nitamletea maneno. Mpaka leo sijampelekea. Ukiufungua ukurasa huo utaniona nimekunja mikono, malori saba nyuma yangu, na chini pana nafasi nyeupe. Wateja wawili wameshapiga simu kutuambia kwamba kuna kitu hakijafunguka.